Mbwa Mwenye Macho ya Manjano

Katika nchi yetu ya Usukuma hapana mtu asiyejua kumtazama ng'ombe. Mtoto mdogo anayechunga Bujora, au Kisesa, au katika mbuga za Magu, akiona ng'ombe amesimama peke yake, masikio yameinama na manyoya yamesimama, atakwenda kumwambia baba yake kabla ya jua kuchwa. Lakini mbwa aliyelala chini ya kihenge siku tatu bila kula, aghalabu hapana amwangaliaye. Watu husema, "Ni mbwa tu." Akifa hutupwa porini, na habari zake huishia hapo.

Twapenda kuwaeleza wasomaji wetu, hasa viongozi wa vijiji na walimu, kwamba desturi hiyo si njema, wala hatusemi hivi kwa kumhurumia mbwa peke yake. Liko jambo ambalo mbwa huweza kulionyesha nyumbani kabla halijawapata watu wa nyumba ile. Jambo hilo ni ugonjwa wa ini, na dalili yake kubwa ni macho na fizi kugeuka rangi ya manjano.

Walakini manjano si jina la ugonjwa. Wazee walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Lakini mawingu hutoka pande nyingi, na kila upande una mvua yake. Vivyo hivyo manjano ya mbwa yana njia tatu, na mtu asipojua yamekuja kwa njia ipi, atatibu ugonjwa usiokuwapo na kuuacha uliopo. Basi tutaeleza kwanza kazi ya ini na nyongo, kisha njia hizo tatu, kisha namna ya kumtazama mbwa nyumbani na namna Bwana Mifugo anavyopima. Mwisho tutaeleza kwa nini mwenye mbwa wa manjano yampasa kwenda kutazama mahindi yake.

KAZI YA INI NA NYONGO

Ini la mbwa limekaa mbele ya tumbo, nyuma ya kiwambo cha kifua, na sehemu yake kubwa imefichwa na mbavu. Damu yote itokayo matumboni hupita kwanza katika ini. Hapo sumu huondolewa, sukari huwekwa akiba, na maji ya damu hutiwa protini zake, pamoja na zile zinazoigandisha damu mtu au mnyama akijikata. Tena ini ndilo lifanyalo nyongo.

Rangi ya nyongo hutoka katika damu. Chembe nyekundu za damu ya mbwa huishi muda wa miezi mitatu na kitu, kisha hufa, na nyingine huzaliwa. Wekundu wa zile zilizokufa hugeuzwa kuwa rangi ya manjano, ambayo wataalamu huiita bilirubini. Ini huipokea rangi hiyo, huitengeneza, na kuitia katika nyongo. Nyongo huwekwa katika kifuko chake, na mbwa anapokula hushuka kwa mfereji mwembamba mpaka utumboni, isaidie kuyeyusha mafuta ya chakula. Huko utumboni rangi hiyo hugeuka tena, nayo ndiyo iyapayo mavi rangi ya udongo mweusi-mweusi tunayoijua.

Mlimaji wa mpunga atafahamu upesi tukimpa mfano wa majaruba. Maji huja kutoka mtoni, huingia jarubani, na yaliyozidi hutoka kwa mfereji wa chini. Siku moja mwenye jaruba akikuta maji yamepita juu ya matuta, sharti ajiulize mambo matatu. Je, mto umeleta maji mengi kupita kiasi? Au tuta lenyewe limebomoka? Au mfereji wa kutolea maji umeziba? Kwa macho, hali ni moja, yaani maji yamefurika. Lakini aliyekimbilia kuzibua mfereji hali tuta ndilo lililobomoka, amejichosha bure.

NJIA TATU ZA MANJANO

Njia ya kwanza ni damu kuharibika. Hapa ini ni zima, lakini chembe nyekundu zinakufa nyingi mno kwa mara moja, hata ini likashindwa kuipokea rangi yote. Ndiyo mfano wa mto uliofurika. Katika nchi zetu sababu iliyo kubwa ni ugonjwa wa babesia, uletwao na kupe. Vijidudu vya babesia huingia ndani ya chembe nyekundu na kuzipasua. Mbwa huyu huwa na homa, huchoka, fizi zake huwa nyeupe kwanza, kisha hutiwa manjano, na mkojo wake huweza kuwa mwekundu-mweusi kama chai ya rangi iliyokolea. Kupe wengine wa mbwa hukaa ndani ya nyufa za kuta za nyumba, kwa hiyo hata mbwa asiyekwenda mbugani huweza kuupata.

Njia ya pili ni ini lenyewe kuugua, na magonjwa yake ni mengi. Kuna kirusi cha ini la mbwa, ambacho Rubarth wa Uswidi alieleza habari zake mwaka 1947. Hicho huwaua hasa watoto wa mbwa, na wengine wapatapo nafuu jicho hufanya wingu la rangi ya samawati. Kuna leptospira, vijidudu vikaavyo katika mkojo wa panya na wa wanyama wengine, na katika maji yaliyotuama. Ugonjwa huu huwapata watu pia. Mwezi wa Julai mwaka 2022 Serikali ilitangaza kuwa umezuka mkoani Lindi, watu 20 wakaugua na watatu wakafa, ukapewa jina la homa ya mgunda. Kuna dawa zidhuruzo ini, kama parasetamoli ya watu apewayo mbwa. Na kuna sumu ya kuvu iliyo katika nafaka, ambayo siku hizi huitwa sumukuvu. Hiyo tutairudia.

Njia ya tatu ni nyongo kuzuiwa isishuke. Ini huifanya kazi yake, lakini mfereji umebanwa au umeziba: pengine kongosho lililo jirani limevimba, pengine kuna uvimbe mbaya, pengine ni mawe ya nyongo, au nyongo yenyewe imekuwa nzito kama ute. Basi rangi isipopata njia hurudi katika damu. Mbwa huwa wa manjano sana, lakini mavi yake hupauka, maana rangi haifiki utumboni. Tena mafuta ya chakula hayayeyuki vema, na vitamini K, ambayo huingia mwilini pamoja na mafuta, hupungua. Kwa hiyo mbwa huyu huweza kutoka damu isiyokoma kwa kidonda kidogo tu.

Yafaa kuongeza neno moja. Ini lina akiba kubwa ya nguvu. Waganga wameona kuwa sehemu kubwa ya ini la mbwa, kama robo tatu kasoro kidogo, yaweza kukatwa, naye akaishi na ini likakua tena. Hii ni neema, lakini ina hila ndani yake: mbwa huweza kuugua ini miezi mingi akionekana amekonda tu. Siku unapoona manjano, au maji yamejaa tumboni, pengine ugonjwa umekwisha kula akiba yote.

KUMTAZAMA MBWA NYUMBANI

Kabla ya yote, twatoa onyo. Ini likishindwa kuondoa sumu za chakula, sumu hizo hupanda ubongoni, na mbwa huzunguka-zunguka, huegemeza kichwa ukutani, au hutoka udenda. Lakini mbwa mwenye kichaa naye hutoka udenda na kubadilika tabia. Hapana mtu awezaye kuwatenga wawili hawa kwa macho. Basi mbwa yeyote atokaye udenda, au aliyegeuka tabia ghafula, au asiyeweza kumeza, asishikwe wala asifunguliwe kinywa. Afungiwe mahali pasipo watoto, na Bwana Mifugo aitwe. Aliyekwisha kuumwa na mbwa huyo aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi muda wa robo saa, kisha aende hospitali siku ile ile.

Kama mbwa ni mtulivu na hana dalili hizo, mwenyewe amtazame kwa taratibu hii.

Kwanza, amtazame mchana, nje, katika nuru ya jua. Nuru ya taa ya mafuta ina umanjano wake, nayo huficha manjano ya ugonjwa au huyazusha yasipokuwapo. Avute kope ya chini kidogo atazame weupe wa jicho. Ainue mdomo wa juu atazame fizi. Atazame na ndani ya masikio na ngozi ya tumbo pasipo manyoya. Mbwa wengine wana fizi nyeusi kwa asili, na hao watazamwe macho na tumbo.

Pili, aulize: je, fizi ni za manjano na nyeupe pamoja, au ni za manjano lakini wekundu wake ungalipo chini? Weupe pamoja na manjano huonyesha kuwa damu inaharibika au imepotea. Manjano pasipo weupe huelekeza kwenye ini au mfereji wa nyongo. Hii si hukumu ya mwisho, lakini ni mwanzo mzuri.

Tatu, autazame mkojo. Ukipatikana kidogo katika chupa nyeupe, atikise chupa iliyofungwa. Mkojo wenye rangi nyingi ya nyongo hufanya povu la manjano. Mkojo wa kawaida povu lake ni jeupe. Walakini figo la mbwa lina tabia ya kutoa bilirubini kidogo hata akiwa mzima, hasa mbwa dume ambaye mkojo wake ni mzito. Kwa hiyo povu lenye manjano hafifu lisimtishe mtu peke yake. Tena asiushike mkojo kwa mikono mitupu, kwa sababu ya ile homa ya mgunda. Avae mifuko ya mpira mikononi, kisha anawe kwa sabuni.

Nne, ayatazame mavi. Mavi yaliyopauka kama majivu, laini na yenye mafuta, yanaonyesha kuwa nyongo haishuki. Lakini mbwa aliyekula mifupa mingi hutoa mavi meupe pia. Hayo huwa makavu, magumu, na hupondeka kama chokaa. Watu wengi hukosea hapa. Mavi meusi kama lami huonyesha damu iliyotoka tumboni.

Tano, akumbuke na kuandika. Mbwa alianza kuacha kula lini? Ana kupe? Alipewa dawa gani, na nani? Alikula nini majuma mawili yaliyopita? Je, yuko mbwa mwingine, au kuku, au bata, aliyeugua au kufa nyumbani au kwa jirani? Walimu waweza kuwafundisha watoto kuandika habari hizi katika daftari, maana Bwana Mifugo atauliza hayo hayo, na majibu yake ni nusu ya kazi.

Jambo asilopasa kulifanya ni kutia dawa kwa kubahatisha. Wafugaji wetu wamezoea kuwachoma ng'ombe sindano ya diminazini. Dawa hiyo hutumika hata kwa babesia ya mbwa, lakini kipimo chake ni chembamba sana. Ikizidi hudhuru ubongo, na mbwa hufa kwa dawa badala ya ugonjwa. Na kama manjano yametoka katika ini au mfereji, sindano hiyo haimfai hata kidogo.

KAZI YA BWANA MIFUGO

Bwana Mifugo naye hufuata njia zile zile tatu, ila ana vyombo. Huanza na damu. Huchukua tone kutoka sikioni, hulipaka juu ya kioo, hulitia rangi, na kulitazama kwa hadubini. Babesia huonekana ndani ya chembe nyekundu kama matone mawili yaliyogusana ncha. Hupima pia wingi wa chembe nyekundu. Damu ikizungushwa katika mrija mwembamba, chembe hushuka chini na maji ya damu hubaki juu: yakiwa meupe ni salama, yakiwa manjano kuna nyongo katika damu, yakiwa mekundu chembe zinapasuka. Kipimo hiki ni cha bei ndogo, nacho huifunga au kuifungua ile njia ya kwanza.

Kiisha, hupima vimeng'enya. Chembe za ini zina vimeng'enya ndani yake, na zinapopasuka humwagika katika damu, kama vile mtama umwagikavyo kihenge kinapotoboka. Kimoja huitwa ALT, nacho chaonyesha hasa chembe za ini zilizojeruhiwa. Kingine huitwa ALP, nacho hupanda hasa nyongo inapozuiwa. Lakini ALP hupanda pia kwa mbwa mdogo ambaye mifupa yake ingali inakua, na kwa mbwa aliyepewa dawa za jamii ya kotisoni. Tena vipimo hivi huonyesha kwamba kihenge kimetoboka; havionyeshi nafaka iliyobaki ni kiasi gani. Ini lililokwisha kufa karibu lote huweza kuwa na vimeng'enya vichache, kwa sababu hapana kilichobaki cha kumwagika.

Kwa hiyo mganga mwenye busara huuliza pia kama ini lingali likifanya kazi. Hupima protini iitwayo albumini, sukari, na muda wa damu kuganda. Mahali penye maabara kubwa hupima chumvi za nyongo katika damu, mara moja mbwa akiwa na njaa na mara ya pili saa mbili baada ya kula. Ini zima huziondoa upesi, ini gonjwa huziacha zikizunguka. Ipo na mashine ya mawimbi ya sauti ambayo huonyesha ini, kifuko cha nyongo na mfereji katika kioo bila kupasua. Mfereji uliofura nyuma ya mahali palipoziba huonekana, na hiyo ndiyo njia bora ya kuitenga njia ya tatu na ya pili. Mwisho wa yote ni kuchukua kipande kidogo cha ini kwa sindano na kukitazama kwa hadubini, lakini hilo halifanywi kabla ya kujua kwamba damu inaganda.

Si kila kijiji kina vyombo hivi, twajua. Lakini tone la damu juu ya kioo laweza kuchukuliwa kijijini na kupelekwa Mwanza mjini, kwenye kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Na hata mbwa akifa, kazi haijaisha. Kama hakuwa na dalili yoyote ya kichaa, Bwana Mifugo aweza kumpasua. Atatazama ini kama ni la manjano na limevimba kwa mafuta, au limekuwa gumu lenye vinundu, au lina damu iliyovilia. Kisha atakibana kifuko cha nyongo taratibu kwa kidole na kutazama utumboni: nyongo ikitoka, mfereji u wazi; isipotoka, umeziba. Kipande cha ini hutiwa katika dawa ya fomalini na kupelekwa maabara. Kazi hiyo ni ya mtu aliyefundishwa. Mwenye mbwa asijaribu kupasua mwenyewe.

KWA NINI UTAZAME MAHINDI

Sasa twaja kwenye jambo lililotufanya tuandike. Tuseme mtu wa Bujora ana mbwa watatu. Mmoja ameacha kula, anatapika, macho yamegeuka manjano; baada ya siku nne anafuata wa pili. Hawana kupe wengi. Fizi si nyeupe mno. Katika damu hapana babesia. Jirani naye amepoteza mbwa na bata. Mfereji wa nyongo hauzibi kwa mbwa wawili wa nyumba moja katika juma moja. Kwa hiyo njia ya tatu imefungwa, na ya kwanza imefungwa. Imebaki ini lenyewe, na jambo linalowagusa wote kwa pamoja. Wamekula nini?

Mama wa nyumba anapochambua mahindi, punje nzima huenda kinuni au mashineni. Zilizooza, zilizotobolewa na wadudu, zilizofanya ukungu wa kijani au wa manjano, huwekwa kando, na mbwa na kuku ndio wapewao. Tena mbwa hupikiwa pumba, na mahindi yanapokobolewa sumukuvu hubaki kwa wingi katika pumba na kiini. Basi mbwa hula fungu lililo baya kuliko yote katika kihenge kile kile ambacho watu wanakula. Akigeuka manjano, ametuletea habari ya kihenge.

Habari hiyo watu wameichelewa mara nyingi. Mwaka 1952 huko kusini mashariki mwa Marekani mbwa wengi waliugua ini na kufa, na waganga hawakujua sababu. Mwaka 1960 nchini Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa, na katika kutafuta sababu ndipo wataalamu walipoiona sumu iliyokuwa katika mashudu ya karanga yaliyoota kuvu. Baadaye walipowapa mbwa sumu hiyo, ini liliharibika kwa namna ile ile iliyoonekana mwaka 1952. Mbwa walikuwa wamekwisha kusema miaka minane kabla, lakini hapana aliyewaelewa.

Mwaka 1974, katika majimbo ya Gujarat na Rajasthan nchini India, mvua zilinyesha wakati usio wake na mahindi yakalowa. Watu na mbwa wa vijiji hivyo waligeuka manjano na matumbo yakajaa maji, na watu zaidi ya 100 wakafa. Karibu na kwetu, nchini Kenya, mbwa na kuku wengi walikufa Nairobi, Mombasa na Eldoret mwaka 1977 na 1978 kwa vyakula vilivyotokana na nafaka zenye kuvu. Mwaka 1981 katika wilaya ya Machakos watu 20 walilazwa hospitali kwa ugonjwa wa ini baada ya kula mahindi mabovu, na 12 wakafa. Mwaka 2004, tena Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Mahindi ya masokoni yalipopimwa, zaidi ya nusu ya sampuli zilikuwa na zaidi ya mikrogramu 20 za sumu katika kilo moja. Nasi Tanzania hatukuachwa: mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua na 20 wakafa.

Kipimo kilichowekwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mahindi ya kuliwa na watu ni mikrogramu 10 katika kilo. Ni kama gramu moja ya sumu katika tani 100 za mahindi. Kiasi hicho hakionekani kwa macho, hakina ladha wala harufu. Wala moto wa kupikia ugali hauiondoi sumu hii. Ng'ombe apewaye pumba zenye sumukuvu hupitisha sehemu yake katika maziwa, na mtu alaye kidogo kidogo miaka mingi hujitayarishia saratani ya ini.

YATUPASAYO KUFANYA

Mbwa wawili au zaidi wakigeuka manjano katika kijiji kwa muda mfupi, mwenyekiti wa kijiji apeleke habari kwa Bwana Mifugo na kwa mganga wa zahanati pia, siku ile ile. Watu wa nyumba zile waulizwe kama yuko mwenye macho ya manjano, kutapika au tumbo kujaa, na aliye nazo dalili hizo apelekwe hospitali bila kungoja. Mahindi ya kihenge kile yasiliwe kwanza, wala yasiuzwe, wala yasipikiwe pombe, wala wasipewe kuku. Sampuli ichukuliwe kwa ajili ya kupimwa: si konzi moja ya juu, bali kidogo kidogo kutoka mahali pengi, juu, kati na chini, ichanganywe, itiwe katika mfuko wa karatasi au wa nguo. Mfuko wa nailoni hutoa jasho na kuongeza kuvu. Hupimwa mahali pengi kwa sababu sumu haikukaa sawasawa; gunzi moja laweza kuwa na sumu nyingi na la pili lisiwe nayo.

Na kabla hayo hayajatokea, kila mmoja aweza kujikinga. Mahindi na karanga visianikwe juu ya ardhi tupu, bali juu ya turubai, mkeka au kichanja. Vikaushwe hata punje ing'atwapo ilie. Kihenge kiinuliwe juu ya ardhi, kiezekwe vema, na mabaki ya mwaka jana yafagiliwe kabla ya kutia mapya. Punje mbovu zichambuliwe, maana kuchambua hupunguza sumu sana. Nazo zikiisha kuchambuliwa zifukiwe shimoni. Mbwa si shimo la kutupia sumu.

Twarudia shauri letu kwa ufupi. Manjano ya mbwa hutoka katika damu, au katika ini, au katika mfereji wa nyongo. Mtazame mchana, fizi, mkojo na mavi vitakuonyesha pa kuanzia, na damu yake juu ya kioo itaongeza. Usitie dawa kabla ya kujua. Na kama njia ya damu na ya mfereji zimefungwa, usiseme kwamba mbwa amefikia siku zake, bali chukua taa, panda kihengeni, ukayatazame mahindi ambayo watoto wako watapikiwa kesho.